Kwa Bi Karani Liko Neno

Mtaani kwetu Bagamoyo ukisema Karani, hakuna anayeuliza karani yupi. Alistaafu Mahakama ya Mwanzo mimi bado nasoma, na tangu hapo wamekuja makarani wengine wenye kompyuta na viatu vya kung'aa, lakini hao tunawaita kwa majina yao. Yeye jina lake nimelisikia mara moja tu, zahanati, muuguzi alipoliita kwa sauti na sote tukabaki tunatazamana. Hata mwenyewe alichelewa kuitika.

Nimemjua kama jirani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na mlimau wake umeota kwake ukazaa kwetu. Nasema haya mapema msije mkadhani namsimulia mtu wa kusikia. Nimemsikia akikohoa, nimemsikia akigombana na redio, na kipo kipindi cha miezi mitatu ambacho sikumwamkia kabisa. Anayeijua pwani anajua kwamba kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kumtukana bila kufungua mdomo. Nilikusudia hasa kumtukana, na yeye alilijua hilo.

Kazi yake tangu astaafu ni kusomea watu karatasi. Huletewa barua za mirathi, hati za viwanja, wito wa mahakamani uliokunjwa mara nane. Huvaa miwani ambayo mkono wake mmoja ameufunga kwa uzi mweusi, akaisoma barua yote kimya mpaka kwenye sahihi, kisha huanza na makosa. Ukimwambia, "Bi Karani, mwanangu ana kesi," atakuuliza, "Ana kesi, au ameitwa kuwa shahidi?" Ukisema fulani ni mwizi, atauliza kama amehukumiwa au ameshtakiwa tu. Siku moja alikuja mwanamke muuza vitumbua akilia kwamba mumewe amempa talaka. Baada ya robo saa ya maswali ikabainika kwamba mume alisema tu anakwenda kulala kwa dada yake mpaka hasira zimpoe. Yule mwanamke aliondoka amenuna, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Ukimwambia utakuja kesho Inshallah, hujibu, "Inshallah. Saa ngapi?"

Basi mtu akisikia hayo hudhani ni mama wa saa na kanuni. Hata kidogo. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu alifika watu wanakunja majamvi, akaketi katikati ya ukumbi na kuuliza pilau iko wapi. Mwanamke aliyekaa miaka yote hiyo mahakamani bila kutokwa na chozi hulizwa na tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na wakati analia huwatukana mahakimu wa humo ndani. "Hukumu gani hiyo? Shahidi hajaitwa hata mmoja!" Tena daktari alishampa masharti ya sukari, na binti anayeishi naye akaifungia sukari kabatini, lakini Bi Karani alikuwa na kopo lake ndani ya sanduku la kanga. Nalijua hilo kopo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia sukari dukani, na kumpitishia juu ya ukuta.

Sasa nieleze jinsi alivyoingia katika mambo ya nyumba yetu.

Mdogo wangu Shabani alifungwa miaka minane kwa kuua bila kukusudia. Sitalipamba. Ilikuwa kwenye mpira, uwanja wa Zinga, ugomvi juu ya goli. Alimpiga kijana wa Mlingotini ngumi moja, kijana akaanguka akapiga kisogo, na siku ya tatu akafa. Mpaka leo sijui jinsi ya kulisema jambo hili bila sauti yangu kubadilika. Nilimpenda mdogo wangu na nilimwonea haya, vyote kwa pamoja, na kila nilipokwenda kumtembelea nilirudi nimechoka kuliko aliyelima.

Mwaka wa nne tuliambiwa kwamba mwenendo wake gerezani ni mzuri na anaweza kuombewa parole. Mama hakungoja maelezo. Neno lilikuwa geni, akalisikia kama dhamana aliyoizoea tangu siku za kesi, akafungua sanduku, akatoa hati ya nyumba, akaifunga kwenye kanga na kuvuka hadi kwa Bi Karani. Mimi nikamfuata nyuma.

"Bi Karani," mama alisema hata kabla hajaketi, "nimeambiwa mtoto anatolewa. Nyumba hii hapa. Niweke sahihi wapi?"

Bi Karani hakuifungua ile kanga. "Rudi na nyumba yako ukalale ndani yake. Hakuna aliyeitaka."

Nikadakia, nikajifanya msomi. "Mama, hiyo si dhamana. Ni msamaha."

"Na wewe Zuhura nyamaza, maana umekosea zaidi yake."

Akavua miwani, na alipovua miwani tulijua somo limeanza. "Dhamana ni ya mtu ambaye kesi yake haijaisha. Msamaha ni wa Rais. Ukiupata, kilichobaki kimefutwa, nenda zako. Parole haifuti hata siku moja. Kifungo kiko palepale na miaka ni ileile. Ila sehemu iliyobaki anaitumikia nje, kwa masharti, na mtu wa kumtazama. Kifungo kinahamia kwenu, kinakula ugali wenu. Akiyavunja masharti, kinarudi naye kulekule kilikotoka."

"Sasa faida yake nini?" Mama aliuliza, na nilimwona bega likishuka.

"Faida? Mtu asitolewe siku moja baada ya miaka minane akaachwa stendi na mfuko wa nguo, hajui aende wapi wala amwamkie nani. Huyu atarudi kidogo kidogo. Watu watamwona, naye atajiona. Wewe uliyemzaa hutaki hivyo?"

Mama alitaka. Alilia palepale, na Bi Karani akamwacha alie mpaka akamaliza, kwa sababu hana mazoea ya kumbembeleza mtu.

Alitueleza pia asili ya neno lenyewe. Alipokuwa karani mpya alimuuliza hakimu wake parole ni nini, akajibiwa kwamba kwa Kifaransa maana yake ni neno. Zamani askari aliyetekwa vitani aliweza kuachiwa kwa neno lake tu, kwamba hatatoroka na hatashika tena silaha. Bi Karani alifurahi kama aliyeokota pete. Alisema ndiyo kwanza akagundua kwamba kitu chenyewe hakina ugeni wowote kwetu, maana sisi pia mtu tunampima kwa neno lake. Tangu hapo akawa na ugomvi na jibu letu la kila siku. Mtu wa pwani ukimwuliza kama kuna tatizo, hukujibu "hakuna neno" hata nyumba ikiwa inaungua. Sisi wote tunasema hivyo, na hakuna anayeyasikiliza maneno hayo mawili. Bi Karani aliyasikiliza. Siku Shabani aliporudi, akasomewa masharti na kusema "Hakuna neno, Bi Karani," alimkata palepale.

"Liko neno. Neno ndilo lililokutoa."

Lakini kabla ya kurudi kwake kulikuwa na safari ya Mlingotini.

Katika mambo ya parole huulizwa pia upande wa aliyekosewa. Afisa wa ustawi wa jamii alikwenda kwa mama wa marehemu na kukuta mlango umefungwa. Habari ilikuwa imeshatangulia, na kama ilivyo kwetu ilitangulia imepinda: yule mama alikuwa ameambiwa na majirani kwamba serikali inakuja kumtaka amsamehe aliyemuulia mwanawe. Bi Karani akaomba kufuatana na afisa mara ya pili, na akasema mimi pia niende. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Ndiyo maana nataka uje."

Tulimkuta nyuma ya nyumba akichambua dagaa juu ya wavu. Hakutukaribisha, ila hakutufukuza. Alinitambua, nikaona. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea na dagaa.

"Sijasamehe," alisema. "Karatasi zenu rudini nazo."

"Sikuleta karatasi ya msamaha," Bi Karani alijibu. "Msamaha ni mali yako, bibi. Uweke, hata mpaka kaburini ukipenda, na hakuna wa kukudai. Nimekuja na swali jingine. Yule kijana miaka yake ikiisha atatoka, na siku hiyo hataulizwa mtu, si wewe wala mimi. Anaweza kukaa ndani mpaka siku hiyo. Au anaweza kutoka sasa, kifungo chake bado kikiwa shingoni, na sisi tukijua amelala wapi. Katika hayo mawili wewe unataka lipi? Na ukitaka atoke, unataka asifanye nini?"

Yule mama aliweka chini dagaa aliyekuwa amemshika. Nafikiri katika miaka yote minne hakuna aliyemuuliza anataka nini. Watu walimwambia asubiri, amwachie Mungu, ajikaze.

"Sitaki kumwona," alisema mwishowe. "Asije huku. Hata samaki asije kununua. Na sitaki kusikia anacheka."

Bi Karani aliandika yote. Alipofika kwenye kicheko akaisimamisha kalamu. "Kicheko siwezi kukifanya sharti," alisema, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. "Lakini nitamwambia ulisema."

"Mwambie."

"Nitamwambia kwa maneno yako."

Tulipokuwa tunaondoka yule mama alisema, bila kuniangalia, "Huyo ni dada yake?" Bi Karani akasema ndiye. "Amekonda," alisema yule mama, na akarudi kwenye dagaa zake. Nililia njia nzima hadi Bagamoyo. Bi Karani alinipa leso, kisha akaanza kuilaumu barabara kwa vumbi.

Mama yangu kwa upande wake alikuwa ameshaagiza mchele, mbuzi na watu wa maulidi kwa ajili ya siku ya kumpokea Shabani. Bi Karani alivuka ukuta kwa maneno tu. "Mnasherehekea nini? Mtoto wa mwenzenu amefufuka?" Mama akamwambia ana roho ya jiwe, na kwa kweli siku ile hata mimi niliona hivyo. Mbuzi akarudishwa. Shabani alikuja alasiri na begi dogo, akala wali na mchuzi wa papa, akaulizwa kama ataongeza, akasema ameshiba, kisha akaketi karibu na mlango kama mgeni. Jioni Bi Karani akaja kumfikishia habari ya Mlingotini, neno kwa neno, pamoja na kicheko. Tangu siku hiyo sijamsikia akicheka barabarani. Hucheka uani, na hapo pia huziba mdomo.

Masharti yalikuwa haya: aripoti kwa afisa kila mwezi, asinywe pombe, asiguse Mlingotini, asilale nje ya nyumbani bila ruhusa. Bi Karani akakubali kuwa mtu wa mtaani wa kumtazama na kumpa afisa habari. Alimtafutia kibarua kwa fundi wa milango. Kila Ijumaa baada ya sala Shabani alipita kwake kumwambia wiki imekwendaje, na nilikuwa nawasikia kutoka upande wetu, yeye akiuliza na Shabani akijifunza kujibu kwa sentensi nzima. Ndani ya mwaka mmoja aliweza kumtazama mtu machoni tena. Nilianza kupumua.

Ndipo yakaja ya Kiwangwa.

Msimu wa mananasi rafiki yake alimpigia simu kwamba kuna kazi ya kupakia magari, siku mbili tu. Shabani alikuja barazani nilipokuwa nimekaa kwenye cherehani yangu. "Dada, nikilala Kiwangwa siku mbili kuna neno?"

Nilikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja mkononi. "Hakuna neno," nikasema. "Nenda."

Hivyo tu. Sikuwaza afisa, sikuwaza masharti. Nilijibu kama anavyojibu kila mtu tangu alipojua kusema. Akaenda, akafanya kazi, akalala, akarudi na mananasi manne, na kwa kuwa amelelewa vizuri, la kwanza akampelekea Bi Karani.

"Tamu hili," nilimsikia Bi Karani akisema. "La wapi?"

"Kiwangwa. Nililala huko siku mbili, kazi ya kupakia."

"Afisa ulimwambia?"

"Hapana, lakini hakuna neno, Bi Karani. Si nimesharudi?"

Kisha nikasikia kisu kikiwekwa kwenye sahani. Alivaa buibui lake, akatoka kwa miguu yake mibovu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa afisa kumripoti.

Wiki tatu hatukujua kama Shabani atarudishwa gerezani. Mama aliacha kula. Shabani mwenyewe alipanga nguo zake kwenye lile begi dogo na kuliweka mlangoni. Kosa lilikuwa langu, nililijua, na kwa sababu nililijua nilimchukia Bi Karani kwa nguvu zangu zote. Nilisimama kwenye ukuta nikamwita mnafiki. Nikamwambia, mbele ya majirani, "Na sukari yako je? Na wewe una masharti! Wewe nani amekuripoti?"

Akanijibu bila kupandisha sauti. "Hakuna. Nenda ukaripoti."

Nikaenda kweli, aibu yangu ndiyo hiyo. Nilimwambia binti yake kuhusu lile kopo, na ili habari ikamilike ikabidi nimwambie na aliyekuwa akinunua. Binti yake alinitazama kuanzia juu hadi chini. Kopo likatolewa sandukuni, na Bi Karani akaniambia kutoka upande wake wa ukuta kwamba nimefanya vizuri, ila nilichelewa.

Nilikwenda pia kwa afisa, nikamwambia kwamba ruhusa ya Kiwangwa niliitoa mimi nisiye na ruhusa ya kutoa. Sijui kama ilisaidia. Nilichoambiwa baadaye ni kwamba kilichosaidia zaidi ni habari kufika mapema, tena kutoka kwa yuleyule aliyekuwa akimtazama Shabani. Shabani akapewa onyo kali na kutakiwa kuripoti kila wiki. Begi likatoka mlangoni. Mimi bado sikumwamkia Bi Karani, sasa kwa ukaidi tu, mpaka Idi, nilipomkuta mlangoni nimebeba sahani ya pilau na mdomo ukasema shikamoo wenyewe. "Marahaba," alijibu, kama aliyeniona jana. Akauliza kama nyama imeiva.

Hatukulizungumza tena kwa karibu miaka mitatu. Mwezi uliopita nilikwenda kukaa naye, kwa sababu macho yake sasa hayasomi karatasi na miguu imevimba, na binti yake alikuwa na safari. Nilimpikia uji usio na sukari. Aliunywa kwa uso wa mtu anayetumikia adhabu. Kifungo cha Shabani kilikuwa kimeisha siku tatu kabla, kimya kimya. Alikwenda ofisini mara ya mwisho, akaweka sahihi, akarudi kwenye kazi yake ya milango. Mama alitaka mbuzi, safari hii Shabani mwenyewe akakataa.

Nikaona kama sitauliza siku hiyo sitauliza tena. "Bi Karani, lile nanasi. Ungeweza kulila tu ukanyamaza."

"Ningeweza."

"Ulimpenda, nilikuona. Kwa nini?"

Alifikiri huku akipapasa bakuli la uji mapajani. "Ningenyamaza, angekuwa mfungwa wangu. Kila akiniona angejua nimemshikia kitu. Shikamoo yake ingekuwa ya woga, na wewe ungeniletea pilau kwa woga. Kifungo cha serikali kina siku ya kuisha, Zuhura. Hicho changu nani angekifungua?"

Nilimshika mkono, na yeye, ambaye hana mazoea hayo, akauacha mkono wake humo.

Hodi ikapigwa, Shabani akaingia na vumbi la mbao kichwani. Akamwamkia, akaitikiwa. Alisimama katikati ya chumba kama alivyosimama Ijumaa zote zile.

"Bi Karani, kesho nataka kwenda Tanga. Kuna jengo, wanatafuta fundi wa milango. Nitalala huko. Labda mwezi, labda zaidi, sijui."

Bi Karani aligeuza uso kuifuata sauti yake. "Unaniomba ruhusa, au unaniaga?"

Shabani alinitazama mimi. Nikatazama uji. Safari hii sikutaka kumjibia.

Shabani akapangusa viganja vyake kwenye suruali, akampa Bi Karani mkono.

"Nakuaga," alisema.

"Haya, baba," Bi Karani akasema. "Kwaheri."